R na siku zinazokosekana: nitachomekaje NA katikati ya vekta bila nafasi kuhama? (data za pweza, Tanga)

#1 KijanaWaSahare

Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja.

Natumia R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Nina data za pweza za diko moja (mahali pa kushushia samaki ufukweni) hapa Tanga, kilo zilizopimwa kwa siku. Karani aliandika daftarini siku alizopima tu. Siku ambayo hakupima hakuacha hata mstari mtupu. Mimi nataka vekta (orodha ya thamani) yenye siku zote, zile zisizokuwepo nizichomekee NA (alama ya R ya thamani isiyojulikana) mahali pake, ili nichore mwezi mzima. Nimefupisha msichoke:

    kilo <- c(42, 38, 51, 47, 29, 33)

Pengo moja liko baada ya namba ya pili, jingine baada ya namba ya tano. Nikaandika:

    kilo <- append(kilo, NA, after = 2)
    kilo <- append(kilo, NA, after = 5)

Ikanipa:

    42 38 NA 51 47 NA 29 33

NA ya pili imekaa kabla ya 29, ilitakiwa ikae baada yake. Nikaanza upya, nikajaribu kuziingiza zote kwa mkupuo mmoja, append(kilo, c(NA, NA), after = c(2, 5)), R ikagoma:

    Error in if (!after) c(values, x) else if (after >= lengx) c(x, values) ... :
      the condition has length > 1

Cha ajabu, kwenye kompyuta ya rafiki yangu kodi hiyohiyo inapita, inatoa maonyo tu. Toleo langu ni bovu au? Faili lenyewe ni la miaka, mapengo kibao, siwezi kuhesabu kwa vidole.

#2 MgosiNgamiani

Mgosi, toleo lako zima. Ukishachomeka NA ya kwanza, vekta imerefuka. Ile uliyokuwa unaiita ya tano sasa ni ya sita. Wewe bado unamwambia "baada ya tano", naye anakutii neno kwa neno.

Dawa ni kuanzia nyuma. Ukichomeka la mwisho kwanza, yaliyo mbele yake hayajaguswa:

    pos <- c(2, 5)
    for (i in rev(seq_along(pos)))
      kilo <- append(kilo, NA, after = pos[i])

Jibu: 42 38 NA 51 47 29 NA 33. Kalale.

#3 BiTakwimu

Lupu ya nini? Mstari mmoja unatosha:

    c(kilo, NA, NA)[order(c(seq_along(kilo), pos + 0.5))]

#4 Barabara12

Bi, hiyo nusu imetoka wapi? Au ndiyo mambo yetu ya Tanga haya, hayaelezwi hadharani 😂

#5 BiTakwimu → #4

Hakuna tunguri hapo, ni foleni. Kila kilo ina tiketi yake: 1, 2, 3, 4, 5, 6. NA mbili nazipa tiketi 2.5 na 5.5. Zote nazitupa mwisho wa vekta bila kujali, halafu order() anaita tiketi kuanzia ndogo kwenda kubwa. Mwenye 2.5 ataingia kati ya 2 na 3, hana pengine pa kwenda. Ukitaka kuchomeka KABLA ya nafasi badala ya baada, toa nusu badala ya kuongeza.

Na kama siku tatu mfululizo hazipo, unaandika pos <- c(2, 2, 2, 5). Tiketi zikilingana order() anaheshimu aliyetangulia kwenye vekta, kwa hiyo hata ukichomeka thamani tofauti hazitapishana. Ila hapo weka rep(NA, length(pos)) badala ya kuandika NA, NA kwa mkono.

#6 MfugaChatu

Mnahangaika bure wakuu. Njooni Python, lugha ya chatu, kwa NumPy:

    np.insert(kilo, [2, 5], np.nan)

Imeisha. Namba za nafasi zinasomwa kwenye vekta ya mwanzo, hakuna kuhama wala nusu ya tiketi. Hameni huko.

#7 MgosiNgamiani → #6

Na kilo zikiwa namba kamili zisizo na desimali? Jaribu uone itakavyokutolea macho kuwa NaN (alama yenu ya pengo) haigeuki kuwa namba kamili. Mbaya zaidi, chomeka 2.7 kwenye safu ya namba kamili: inaingia kama 2, kimya, wala onyo hupewi. R ingeigeuza vekta nzima iwe ya desimali.

Halafu nyie ndio mnaohesabu kuanzia sifuri. Mtu akiwauliza mtoto wenu wa kwanza nani, mnamtaja wa pili.

#8 MfugaChatu

Sifuri ndiyo imefanya [2, 5] hapo juu iwe sawa na "baada ya 2 na baada ya 5" bila kuongeza wala kupunguza kitu. Fikiria vizuri. Nafasi 2 kwetu maana yake mbili zimeshapita.

#9 DaktariWaMitaani

Tumemwacha mwenye uzi na swali lake la toleo. Hizo kompyuta mbili zina R za umri tofauti, basi.

Ukiandika append bila mabano ukabonyeza Enter, R inakuonyesha matumbo yake. Ni mistari michache. Cha kwanza kabisa inauliza if (!after), yaani "after ni sifuri?". if inataka jibu moja. Wewe umempa namba mbili, majibu yakawa mawili. Kuanzia R 4.2.0, iliyotoka Aprili 2022, hilo ni kosa na kazi inasimama. Matoleo ya nyuma yalikuwa yanachukua la kwanza, yanatoa onyo, yanaendelea na safari.

Kwa hiyo KijanaWaSahare usimwonee wivu rafiki yako. Mwambie achapishe alichopata. Ni hiki:

    42 38 NA NA 51 47 29 33

NA zote mbili zimerundikana baada ya 38, ile 5 imetupwa. Kompyuta yako iliyogoma imekusaidia kuliko yake iliyokubali.

#10 KijanaWaSahare

Ahsanteni sana. Nimemuuliza, kweli ndicho alichonacho, na ameshachora grafu 🙈 Mstari wa BiTakwimu umekubali.

#11 Kaskazi

Kabla hamjashangilia, njia ya #2 ni mzigo data zikiwa kubwa. Vekta ya R hukaa kwenye kumbukumbu kwa mfululizo, namba ya desimali baiti 8. Ukichomeka katikati haiwezi kusogeza tu, inajenga mpya na kunakili yote. Vekta ya namba 100,000 ni kama kilobaiti 800. Chomeka mara 1,000 ndani ya lupu, umehamisha megabaiti 800 ili kuongeza vitu 1,000. Tangu R 3.4.0 ukiongezea MWISHONI kwa x[length(x) + 1] inatenga nafasi ya ziada kidogo, afadhali. Katikati hakuna huruma hiyo.

Jenga nyumba kwanza halafu uingize vyombo:

    idx  <- pos + seq_along(pos)
    mpya <- rep(NA_real_, length(kilo) + length(pos))
    mpya[-idx] <- kilo

idx hapa ni 3 na 7, ndizo nafasi za NA kwenye vekta mpya. Zilizobaki zinapokea kilo kwa mpangilio. Hakuna kupanga, hakuna nusu.

#12 BiTakwimu → #11

Kaskazi nakuheshimu, ila hiyo ina mashimo mawili.

La kwanza: pos isipokuwa imepangwa inaharibika. Weka c(5, 2), idx yako inakuwa 6 na 4, NA zinakaa kusikohusika. Yangu haijali mpangilio.

La pili ndilo linaloua. Mwezi usiokuwa na pengo hata moja, pos ni tupu, idx tupu. mpya[-idx] wewe unafikiri maana yake "zote isipokuwa hakuna", yaani zote. R inasoma "hakuna hata moja". Kilo hazipokelewi na yeyote, na mwezi uliokamilika kuliko yote unatoka NA tupu. Hakuna kosa, hakuna onyo.

#13 Kaskazi → #12

Hilo la pili linazibika kwa mstari mmoja:

    mpya[!(seq_along(mpya) %in% idx)] <- kilo

Na la kwanza, pos <- sort(pos). Nani anaandika mapengo yake kinyumenyume?

#14 BiTakwimu

Watu. Watu wanaandika hivyo. Na ukipanga pos huku una thamani za kuchomeka ambazo hukuzipanga pamoja nayo, umezipa kila moja nyumba ya jirani.

#15 MgosiNgamiani → #11

Data za siku kwa miaka kumi ni namba 3,650 na ushei. Lupu yangu inamaliza kabla hujafumba jicho. Megabaiti 800 za nani, diko la Sahare au bandari ya Singapore?

#16 Mraskazone

Nimesoma tangu #1 mpaka hapa, nashangaa hakuna aliyeuliza: hizo "2 na 5" umezipataje? Kwa macho? Kama daftari lina tarehe, achaneni na nafasi. Tengeneza kalenda halafu kila kilo ikae kwenye tarehe yake:

    siku_zote <- seq(min(siku), max(siku), by = "day")
    kilo[match(siku_zote, siku)]

Tarehe isiyokuwepo match() anarudisha NA, na kilo inakuwa NA yenyewe. Hujachomeka chochote, hujahesabu chochote. Kuchomeka kwa nafasi ni kazi ya mtu asiye na tarehe.

#17 Kaskazi → #16

Hii sipingani nayo.

#18 BiTakwimu → #16

Napingana nayo kidogo. Siku moja ikiwa na mistari miwili, tuseme asubuhi na jioni, match() anachukua wa kwanza na kuufunika wa pili. Kilo zimepotea na mchoro unapendeza. Jumlisha kwa siku kwanza kwa aggregate(), au tumia merge() yenye all.x = TRUE ambayo inabakiza mistari yote. Wanaotumia kifurushi cha tidyr wana complete() kwa kazi hiihii.

#19 DaktariWaMitaani

Na tarehe zenyewe ziangaliwe kabla ya yote. Daftari zetu ni siku/mwezi/mwaka. Ukiandika as.Date("15/04/2023") bila kumpa muundo, R haikatai. Inasoma mwaka wa 15, mwezi wa 4, siku ya 20, yaani "0015-04-20". Ukimpelekea Mraskazone tarehe hizo, kalenda yake ya mwezi mmoja inatoka na siku zaidi ya elfu 10, karibu zote NA. Kuna kijana alileta faili la namna hiyo analalamika kompyuta imeingia kirusi.

    as.Date(siku, format = "%d/%m/%Y")

#20 Barabara12

Mwaka wa 15 hata magofu ya Tongoni hayajajengwa 😂😂

#21 NahodhaMstaafu

Assalaam aleikum. Mimi hizo alama zenu sizijui, mjukuu wangu ndiye anayenisomea. Swali langu: kwa nini mnajaza siku ambazo pweza havuliwi?

Pweza wa kuchokoa ni wa bamvua. Mwezi mpya na mwezi mpevu maji yanakupwa mpaka mwamba unatoka nje, kina mama na vijana wanashuka na vijiti vyao. Maji mafu mwamba haukauki, nani ataingia? Siku hizo karani akae diko kumsubiri nani? Daftari halina kosa.

#22 KijanaWaSahare → #21

Shikamoo mzee. Hapo umenifungua kitu. Nimeangalia, mapengo mengi yanakuja kwa makundi, siku kadhaa zimefuatana, halafu siku nyingi za kazi, halafu pengo tena.

#23 NahodhaMstaafu

Marahaba. Hesabu wiki mbili kasoro au na kidogo. Utayaona.

#24 Kaskazi

Bamvua hadi bamvua ni karibu siku 14.8, nusu ya mwezi wa mbalamwezi wa siku 29.5. Kwa hiyo kama mzee yuko sahihi, mapengo yatahama polepole kwenye kalenda yetu ya kawaida. Januari yanaanguka tarehe hizi, miezi michache mbele tarehe nyingine. Chora urefu wa mapengo kwa diff(siku) uone.

#25 MtotoWaKigombe

Mzee na heshima zake, ila pweza wa siku hizi si wa kuchokoa peke yake. Kuna wazamiaji wa miwani na mikuki. Hao maji mafu ndiyo wanayapenda, mkondo mdogo na maji meupe. Kwetu Kigombe maji mafu pweza anashuka kama kawaida. Kama daftari la diko hilo halina siku za maji mafu, mimi nahisi karani naye alikuwa anapumzika kwa sababu kina mama hawapo, wazamiaji wanauza kulekule majini.

#26 Barabara12

Au Ijumaa. Ijumaa watu wengi hawatoki mpaka baada ya sala, karani wa serikali saa tisa na nusu ameshafunga.

#27 Mraskazone

weekdays(siku) au format(siku, "%u") na table(), dakika moja unajua kama ni Ijumaa. Tusibishane kwa hisia.

#28 MgosiNgamiani

Na kusi je? Mwezi wa 6, wa 7 upepo unavuma hata mtumbwi hautoki. Mapengo ya kusi hayafuati mwezi wala Ijumaa.

#29 DaktariWaMitaani

Wakuu, hapa ndipo penye kazi, kuliko append. Kila sababu mliyotaja inataka kitu tofauti kichomekwe.

Hakuna aliyeshuka mwambani, hakuna pweza: hiyo ni 0. Watu walivua, wakauza, karani hakuwepo: hiyo ni NA. Angalieni data za mwenye uzi. 42, 38, 51, 47, 29, 33, jumla 240. Ukiweka NA mbili na ukatumia mean(kilo, na.rm = TRUE) unapata 40. Ukiweka sifuri mbili unapata 30. Robo ya wastani imeondoka, na hakuna pweza hata mmoja aliyebadilika.

#30 Barabara12

Kwa hiyo ubingwa wa Coastal Union ni 1988 halafu NA, NA, NA mpaka leo?

#31 MgosiNgamiani → #30

Wee! Fainali ya Kombe la FA 2022 umeisahau? Tatu kwa tatu na Yanga, tumetolewa kwa matuta.

#32 DaktariWaMitaani

Walicheza, wakakosa kombe. Hiyo 0. Msimu ambao hawakushiriki ndiyo NA. Barabara12 umetoa mfano mzuri bila kukusudia.

#33 Barabara12

Mimi African Sports, nilikusudia.

#34 BiTakwimu → #29

Nakubali hoja, sikubali urahisi wake. Sifuri ya maji mafu si sawa na sifuri ya siku watu wameingia wakatoka mikono mitupu. Ya pili inakueleza habari ya mwamba, ya kwanza inakueleza habari ya maji. Ukipeleka mchoro kwa mtu anayetaka kujua kama pweza wanapungua, wastani wa siku za kalenda utamdanganya hata ukiwa na sifuri halali. Anachotaka yule ni kilo kwa siku iliyovuliwa, au bora zaidi kilo kwa mvuvi. Kwa huyo, mapengo ya maji mafu hayahitaji kuchomekwa kitu chochote.

#35 Mraskazone → #34

Ila anayetaka kujua kama jiko la mchuuzi litawaka mwezi mzima, anazitaka sifuri zote.

#36 MfugaChatu

Si mjaze tu kwa kukadiria kati ya jirani wawili, approx() yenu au na.approx ya kifurushi cha zoo? Mstari mzuri, hakuna mapengo.

#37 Kaskazi → #36

Kati ya bamvua mbili? Utakuwa umewavua pweza kilo 35 kila siku ya maji mafu kwenye skrini, wakati mwamba uko chini ya maji. Kwa joto au kina cha mto ungenisikia nanyamaza.

#38 MtotoWaKigombe

Kwa wazamiaji isingekuwa uongo mkubwa sana hivyo.

#39 KijanaWaSahare

Nimerudi. Nimefuata #16 na #19, kalenda imetoka. Nimefanya alilosema Mraskazone la Ijumaa pia: Ijumaa zina mapengo zaidi kidogo ya siku nyingine, lakini si sana. Makundi makubwa yanaonekana kufuata mwezi kama alivyosema mzee, isipokuwa kuna mapengo mengine yameangukia bamvua kabisa, mengi miezi ya katikati ya mwaka.

Sasa nimekwama kwingine. Kwenye vekta ya tarehe yenyewe nilitaka niweke nafasi tupu mwanzoni, append(siku, NA, after = 0), tarehe zikageuka namba: NA, 19463, 19464... Ni nini tena hiki?

#40 BiTakwimu → #39

after = 0 inamfanya append() aandike c(NA, siku). c() anaangalia anayekuja wa kwanza ndiye anayeamua namna ya kuunganisha. Wa kwanza ni NA wa kawaida, hajui tarehe, basi tarehe zinavuliwa nguo zinabaki kama R inavyozihifadhi: siku tangu 1 Januari 1970. 19463 ni 16 Aprili 2023. Ungechomeka katikati au mwishoni usingeona kitu, kwa sababu tarehe ingetangulia. Mpe NA yenye nasaba:

    append(siku, as.Date(NA), after = 0)

#41 DaktariWaMitaani

Wa aina hiyohiyo: usimruhusu mtu achomeke neno "hakupima" kwenye kilo. Neno moja tu, vekta yote inakuwa maandishi, "42" "38", na mean() anakurudishia NA na onyo. Na mwenye R ya kabla ya 4.1.0 asiunganishe fakta (vekta za majina ya makundi) kwa c(), majina ya madiko yatageuka 1, 2, 3. Kuanzia 4.1.0 fakta mbili zinaungana vizuri.

#42 MfugaChatu

Halafu mnasema chatu ndiye mwenye sumu.

#43 MgosiNgamiani

Chatu hana sumu, anabana. Kama alivyobana ile 2.7 ikawa 2.

#44 NahodhaMstaafu → #39

Miezi ya katikati ya mwaka ni kusi, kijana wa Ngamiani amekwambia. Bamvua lipo, maji yanakupwa, lakini bahari imechafuka, wimbi linavunja juu ya mwamba na anayechokoa haoni tundu. Wengine wanashuka hivyohivyo, kidogo. Kwa hiyo siku hizo siwezi kukuapia kama hawakushuka au walishuka karani akaona baridi.

#45 DaktariWaMitaani → #44

Mzee, basi hizo NA. Za maji mafu 0, za kusi NA.

#46 MtotoWaKigombe → #45

Za maji mafu NA pia, mpaka mtu awaulize wazamiaji.

#47 BiTakwimu

Weka safu ya pili pembeni: "sababu". Bamvua, maji mafu, kusi, sikukuu, haijulikani. Kilo ibaki NA kote usikojua, na ukitaka sifuri unaziweka wakati wa kukokotoa, si kwenye faili la mama. Ukishaandika 0 kwenye faili hakuna atakayejua mwakani kama ilipimwa au ilichomekwa.

#48 Kaskazi

Hapo sawa. Na safu ya hali ya maji isijazwe kwa mkono, chukua jedwali la maji la mamlaka ya bandari au hesabu umri wa mwezi kwa tarehe.

#49 MgosiNgamiani → #48

Umri wa mwezi hautoshi. Bamvua lenye nguvu huchelewa siku moja mbili baada ya mwezi kupevuka. Jedwali.

#50 KijanaWaSahare

Jedwali la miaka ya nyuma napata wapi bila kuzungushwa? Ofisi moja nimeambiwa nirudi Jumatatu.

#51 Barabara12

Jumatatu ya mwaka wa 15 😂

#52 ShambaLushoto

Samahani kuingilia wakuu, nimefuatilia uzi wote. Mimi nina kipimo cha mvua Lushoto, fundi aliandika "kidogo sana" siku zenye manyunyu, na siku kavu hakuandika kitu. Siku ambazo kopo lilipasuka nazo hakuandika kitu. Nichomeke nini wapi?

#53 BiTakwimu → #52

Fungua uzi wako mpya, na uje na tarehe kopo lilipopasuka.